Udongo wa Shimo la Saba

Kila asubuhi Kazadi alihamisha mashimo. Watu wa Musonoi, mtaa wa wachimbaji, walivunjika mbavu wakisikia hivyo, maana kwao Musonoi shimo huchimbwa mpaka litoe jiwe au litoe maiti. Kulihamisha? Nani aliona wapi?

"Tata Kazadi, leo umehamisha mangapi?"

"Kumi na munane."

"Na kesho?"

"Yaleyale kumi na munane."

"Na mu ile mashimo munatoshaka nini? Jiwe?"

"Hakuna. Bakubwa banaingisha mo kampira."

Hapo wangeshikana mabega kwa kicheko, na Kazadi angepita zake na koti lake la kazi. Hakuwaeleza kwamba nyasi za gofu ni laini kama nywele za mtoto, kwamba watu wakikanyaga pembeni ya shimo lilelile siku mbili zinakufa, na kwa hiyo kila alfajiri lazima shimo jipya likatwe hatua chache kando na lile la zamani lizibwe. Kazi hiyo aliifanya na bomba fupi la chuma, lenye makali chini na mpini wa mikono miwili juu. Wafanyakazi waliliita mukebe. Unalisimamisha, unalikanyaga, unalizungusha, unavuta, na bonge la udongo linatoka zima kama ugali kwenye bakuli, na nyasi zake juu. Bonge hilo ndilo linaloziba shimo la jana. Ukifanya vizuri hakuna jicho litakaloona kovu.

Uwanja wenyewe uliandikwa langoni kwa Kifaransa, Côte du Soleil, Pwani ya Jua, ingawa kutoka Kolwezi mpaka bahari yoyote ile mtu atasafiri mpaka asahau alikotoka. Jua lilikuwepo, hilo hatubishi. Pwani ililetwa na malori: mchanga mweupe ulimwagwa kando ya bwawa lililochimbwa na matingatinga, na minazi ya plastiki ikasimikwa juu ya saruji. Kila Ijumaa Kazadi aliiosha minazi hiyo kwa maji ya sabuni, kwa maana vumbi la migodi liliigeuza kuwa myekundu. Nyuma ya minazi ilikuwepo hoteli, na ndani ya hoteli ofisi ya directeur René Mukalay, na ukutani mwa ofisi picha za viwanja vya gofu vya pwani za Ulaya, bahari ya samawati upande mmoja na nyasi upande wa pili. Directeur aliwahi kukaa huko wiki mbili. Alirudi na kofia nyeupe na maneno ambayo hakuyaacha tena.

"Tutaingia mu kitabu," alikuwa akiwaambia wafanyakazi kila Jumatatu. "Kuko kitabu cha viwanja bizuri bya dunia, bya pwani na bya jua. Siku moja bataandika Kolwezi mo. Munasikia?"

Walisikia. Na ili Kolwezi iandikwe, njia ilifungwa.

Njia hiyo ilitoka Musonoi, ikapita kando ya miti ya mikaratusi, ikafika hospitali kwa dakika kumi za pikipiki. Watu waliipita tangu zamani za babu zao waliotoka Kasai kuja kuchimba shaba. Uwanja ulipojengwa, njia ikajikuta inapita karibu na shimo la saba, na directeur akasema haiwezekani mtu apige mpira huku anaona mama na beseni la mihogo kichwani. Wakaweka chuma cha kufunga njia, na mlinzi mwenye radio. Kazadi mwenyewe ndiye aliyekipaka kile chuma rangi, nyekundu na nyeupe. Aliipaka vizuri. Kazi ni kazi.

Mwezi wa tano wa mwaka uliopita, siku ya kufungua uwanja, Laurentine alishikwa na pumu.

Ilikuwa saa sita mchana, wakubwa wamejaa na magari yao. Kazadi aliitwa na jirani, akakimbia nyumbani, akamkuta mkewe ameshika mlango kwa mikono miwili, anavuta pumzi na pumzi haiji. Akamweka juu ya pikipiki, yeye nyuma amemkumbatia, dereva akakata moja kwa moja kwenye njia ya mikaratusi. Pale kwenye chuma mlinzi alikuwa Edouard, kijana mwema tu, aliyekuwa akimwita Laurentine yaya, dada mkubwa. Edouard akashika radio.

"Directeur, kuko mugonjwa. Muke ya Kazadi. Nifungule?"

Sauti ya radio ilisikika kwa wote watatu, na wa nne ni Laurentine ikiwa bado alisikia. "Bageni bako ku shimo ya saba. Azunguke."

"Directeur, hali iko mubaya."

"Nimesema azunguke."

Kuzunguka ni kwenda mpaka kwenye mabwawa ya takataka za Kingamyambo na kurudi kwa barabara ya malori. Dereva alianza kugeuza pikipiki na Laurentine akateleza. Kazadi akamlaza juu ya nyasi, hatua tatu kutoka kwenye chuma, kwenye ukingo wa nyasi za shimo la saba. Edouard akaita mara ya tatu, radio haikujibu. Wageni walipiga makofi upande wa pili wa mikaratusi, mtu alikuwa amepiga mpira vizuri. Laurentine alifia pale, macho yake kwenye koti la mumewe, koti la kijani lenye jua la njano kifuani.

Hapa ndipo neno linapouma. Kazadi hakukivunja kile chuma. Kilikuwa bomba tupu, mtu wa nguvu zake angeweza kukikunja kwa bega. Alisimama na koti la kazi mwilini, akangoja ruhusa. Neno hilo hakuna mtu aliyemwambia kwa miezi mingi, kwa sababu alijiambia mwenyewe kila usiku.

Kesho yake hoteli ilileta jeneza, mifuko miwili ya unga, na karatasi. "Tia sinyatiri hapa, tata, ni juu ya jeneza tu." Kazadi alisoma darasa la tatu halafu baba yake akafa. Alitia jina lake kwa herufi kubwa, polepole, na akashukuru. Alishukuru! Siku ya tatu ya kilio, shemeji yake Elisée akaisoma ile karatasi kwa sauti mbele ya ukoo wote: kwamba mgonjwa hakuzuiwa na mtu yeyote, na kwamba alichelewa kwa sababu familia ilichelewa kumtoa nyumbani. Chini yake, KAZADI.

Mama mkwe wake, mama Mushiya, hakupiga kelele. Alifunga kitambaa chake cha kichwani upya, akasema, "Elisée, mwambie huyu mutu, mukono yake njo ilimwandika mwanangu."

Kwao watu wa Kasai mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Heshima ndiyo inayotaka hivyo, na heshima ina njia zake za kuongea bila kuongea. Mama Mushiya alizifunga njia zote. Na ukoo ukakataa kumnyoa. Mjane asiponyolewa na ukoo wa mkewe bado yuko ndani ya kilio: haketi kwenye meza ya karamu, haingii nyumba yenye mtoto mchanga, watoto wanamwona wanakaa kimya. Kazadi alieleza habari ya radio mara ishirini. Walimsikiliza, wakamjibu, "Karatasi inasema nini?" Edouard, ambaye angeshuhudia, alifukuzwa kazi wiki ileile na kusingiziwa wizi wa mipira. Nani amsikilize?

Nywele za Kazadi zikakua mpaka kofia ya kazi ikakataa kuingia. Mwaka mzima. Mtu mwingine angeacha kazi. Yeye alibaki, kila alfajiri na mukebe wake, kwa sababu alitaka kuwa karibu na directeur. Hakujua bado ni kwa nini. Alijua tu kwamba mtu anayetaka kumpiga nyoka hakai mbali na shimo lake.

Miezi minne baada ya mazishi, kwenye shimo la saba, mukebe ulikataa kushuka. Akaukanyaga kwa uzito wote. Ukasaga, ukashuka, na bonge lilipotoka, chini yake lilikuwa jeusi kama sakafu ya jiko, na katikati jiwe la ukubwa wa ngumi, zito kuliko linavyoonekana. Mtoto wa Musonoi hahitaji kuambiwa. Ile ni kobalti, na nzuri, ile ambayo wanunuzi kwenye depo wanaipima kwa mashine yao na kujifanya hawakushangaa.

Akalitia mfukoni. Akaziba. Siku zilizofuata alijaribu hapa na pale, akikanyaga mara ya pili na mara ya tatu mpaka kina cha kiwiko, na mahali pote, kutoka shimo la sita hadi la tisa, chini kulikuwa kweusi. Pwani ya Jua ililala juu ya mali kama kuku juu ya mayai.

Neno moja tu Musonoi. Neno moja kwenye foleni ya maji, na creuseur mia tano, wachimbaji wa mkono, wangefika na beleshi zao, vijana waliokuja kutoka kila pembe ya Kongo, ambao wamechimba ndani ya vyumba vyao wenyewe, chini ya vitanda vyao, wasingeogopa nyasi. Kazadi alilionja neno hilo mdomoni miezi minane. Hakulitoa. Wangevunja uwanja, sawa, lakini karatasi ingebaki. Alitaka kwanza kinywa cha directeur, halafu tutaona.

Ndipo ikaja habari: watu wa kitabu wanakuja. Wageni wawili, Jumamosi, watacheza mashimo yote na kulala mpaka Jumapili mchana, kisha wataandika. Directeur hakulala wiki nzima. Minazi ilioshwa mara tatu.

Jumatano Kazadi aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaweka jiwe juu ya meza, chini ya picha za bahari.

Directeur alilitazama muda mrefu. Naye ni mtoto wa Katanga, kofia nyeupe haikumfuta macho.

"Umelitosha wapi?"

"Chini ya nyasi yako."

"Wapi, nakuuliza?"

"Uwanja iko mukubwa, directeur."

"Nani anajua?"

"Mi na weye."

Directeur akaamka, akafunga mlango, akarudi, akajaribu kucheka. "Kazadi, ndugu yangu. Unajua bacreuseur bakisikia hii, mu siku mbili hatutakuwa na kintu."

"Siku moja."

"Basi unataka nini? Nikuweke chef wa bustani? Sema."

"Nataka kinywa yako."

"Kinywa?"

"Maneno ulisema mu radio. Utayasema mbele ya mama Mushiya, mama ya muke yangu. Na utapasua ile karatasi, yeye akiona. Ukifanya vile, mi, Kazadi, naapa ku kaburi ya Laurentine, hili jiwe sitaonyesha creuseur hata mumoja. Utalibakisha weye mwenyewe mu mufuko yako."

Directeur alilisukuma jiwe kwa kidole, kama mtu anayeamsha mdudu kuona kama amekufa. "Aje hapa ofisini, Jumatatu, kiisha bageni kwenda."

"Atakuja Jumamosi."

"Jumamosi! Uko na akili?"

"Njo siku uko na haya ya bantu," Kazadi akasema. "Jumatatu hautakuwa nayo."

Mama Mushiya alipopelekewa habari hakusema atakuja wala hatakuja. Alimwambia Elisée, "Mwambie, siingii mu ofisi ya mutu. Nitasimama pale mwanangu alianguka."

Saa nne ya Jumamosi alifika, kitenge cheusi, viatu mkononi kwa sababu ya umande uliobaki chini ya mikaratusi. Chuma kilinyanyuliwa akapita. Mlinzi mpya hakuthubutu hata kumtazama. Elisée, mwanawe wa mwisho, alimfuata, mikono bado ina weusi wa jiwe kwenye kucha. Kazadi alisimama mbali kama heshima inavyotaka, uso kando, mukebe begani. Wageni walionekana kule shimo la sita, wawili wenye suruali nyeupe, na msafara wa wabeba mifuko. Directeur alikuja mbio mbio, jasho, karatasi mkononi, na jiwe likivuta mfuko wa suruali yake chini, kwa maana hakuthubutu kuliacha popote.

Alianza kwa Kifaransa, haraka haraka, kama padri anayechelewa ndege.

"Elisée," mama Mushiya akasema, "mwambie mukubwa, mi sina Kifaransa."

Directeur akageukia Kiswahili. "Mama, ile siku ilikuwa bahati mubaya."

"Mwambie, bahati haikushika radio."

Elisée alifungua kinywa kurudia. "Nimesikia!" directeur akasema. Akageuka kutazama shimo la sita. Mmoja wa wageni alikuwa ameinama kupanga mpira wake. "Mama, huyu mukwe yako alifika hapa na mutoto yako. Edouard aliniuliza afungule. Nilikataza mi. Mara mbili. Nilisema azunguke. Mara ya tatu nilizima radio." Akaikunjua karatasi. "Na ile maneno ya karatasi, niliandikisha mi. Kazadi hakuijua."

Akaipasua, vipande vinne, vipande vinane, akatafuta pa kuvitupa, nyasi zilikuwa safi mno, akavirudisha mfukoni pamoja na jiwe.

Mama Mushiya aliketi chini. Alikunjua miguu yake kwenye nyasi za gofu kama mtu aliyeketi uani kwake, akakaa hivyo, bila sauti, na mkono wake ukapapasa nyasi mbele yake polepole, huku na huku, kama unavyopapasa kitanda gizani. Kazadi alitazama mikaratusi. Alidhani angefurahi. Mwaka mzima alidhani siku hii angefurahi. Kumbe kusikia lile neno "azunguke" tena, mchana kweupe, kulimkuta kama mara ya kwanza, na bega lake likawa zito, lile bega ambalo lingeweza kukikunja chuma.

Mwenye kosa amesema, basi? Amesema, na sasa ataenda kunywa na wageni wake.

"Mama, tuamke sasa," directeur akasema kwa upole wa mtu anayefukuza. "Bageni banakuja."

"Elisée, mwambie: kwetu, mutu akianguka inje ya nyumba, mama yake anachukua udongo ya pale alianguka. Anaipeleka ku nyumba. Juu asibakie mu njia ya bantu."

"Achukue! Kazadi, mupe mama udongo. Haraka."

"Nikate na mukebe, directeur?"

"Kata na kila kintu unataka, lakini kata!"

Kazadi akaja. Alisimamisha mukebe pale mkono wa mama ulipokuwa ukipapasa, akakanyaga mara moja, kina cha kila siku, kina cha kikombe cha mpira. Akashika mpini kuvuta.

"Elisée." Sauti ya mama Mushiya ilikuwa tulivu kabisa. "Mwambie huyu mutu, ya juu ni ya nyasi yao. Mwanangu alikuwa na uzito. Afike pale uzito yake ilifika."

Kazadi akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa Laurentine, mama mkwe wake alikuwa akimtazama usoni. Mume wake alifanya kazi mgodini miaka thelathini na tisa, na yeye baada ya kufiwa aliosha mawe mtoni kwa ajili ya wanunuzi mpaka mikono ikapasuka. Alikuwa amekwisha kuuona mfuko wa directeur unavyovutwa chini. Hakuna kitu kingine duniani, kwa ukubwa ule, kinachovuta mfuko namna ile, na mkubwa asiyechimba angelitoa wapi kama si chini ya nyasi zake?

Akakanyaga mara ya pili. Chuma kikasaga. Akakanyaga mara ya tatu.

Bonge lilitoka refu, kama mkono wa mtu kuanzia kiwikoni, kijani juu, nyekundu katikati, na chini jeusi tii. Elisée aliona. Mama Mushiya alikuwa amekwisha kukifungua kitambaa chake cha kichwani, akalipokea bonge kama anavyopokelewa mtoto, nyasi juu, na kulifunga.

Directeur hakuona. Alikuwa amegeuka, amenyoosha mikono kuwapokea wageni. Aliwaeleza kwa lugha yao jambo la mama wa mfanyakazi, la desturi, la udongo, na sauti yake ilikuwa na huzuni nzuri. Wageni walivua kofia. Mmoja aliomba ruhusa akapiga picha, mwingine akaandika kitu katika daftari ndogo, na directeur akaitazama ile daftari kama mtu anayetazama chakula.

Mama Mushiya akapita kati yao na kitambaa chake kifuani, viatu mkononi. Mgeni mmoja alimwinamia. Naye akamwitikia kwa kichwa, vizuri tu.

Jioni Elisée alikuja mlangoni kwa Kazadi. "Mama anasema kesho asubuhi uje. Utanyolewa."

"Anasema nini tena?"

"Anasema uje na wembe mupya."

Jumapili saa nne Kazadi aliketi kwenye kigoda uani kwa mama Mushiya, Musonoi, taulo mabegani. Elisée ndiye aliyenyoa. Shangazi wawili wa Laurentine walikaa kwenye mkeka kushuhudia. Mama Mushiya alikuwa hatua chache mbele yake, kando ya barabara ambayo watu wote wanaipita wakitoka kanisani. Alikuwa ameketi na beseni la maji na ungo, na ndani ya ungo lile bonge. Aliliosha. Aliliosha polepole kwa viganja, kama unavyoosha mwili, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kilio wa kwao, na udongo mwekundu ukaenda na maji kidogo kidogo, na kilichobaki kwenye ungo kikang'aa cheusi juani. Watu walipita, wakasema pole mama. Halafu wakatazama. Halafu wakarudi nyuma wakatazama tena. Katika vyumba vya uani kwake walipanga wachimbaji wanne. Mmoja alikuja kutoa pole akiwa bado na mswaki mdomoni, akaondoka bila kuutoa.

"Mama," aliuliza mtu fulani, sauti laini sana, "ule udongo ni ya wapi?"

"Ya pale mwanangu alianguka," mama Mushiya akajibu. "Kila mutu hapa anajua pale alianguka."

Kazadi alisikia. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa mtupu tayari, upepo uliugusa.

"Mama niliapa," alisema, akiwa bado ameinama, akisahau kwamba hatakiwi kumwambia neno moja kwa moja.

Mama Mushiya akaweka ungo chini. Naye akamjibu mwenyewe, bila kumpitia Elisée. "Weye njo uliapa. Mi hakuna mutu aliniapisha. Naosha udongo ya mwanangu. Bantu kama bako na macho, nifanye je?"

Shangazi mmoja kwenye mkeka alicheka kwa pua, akajizuia.

Saa nne na nusu kelele zilianza. Kwanza miguu tu, wengi, wakikimbia bila kusema. Halafu magunia matupu yakipigwapigwa, beleshi zikigongana, pikipiki zimebeba watatu watatu. Walipita mbele ya nyumba kama maji ya mvua, na kila mmoja alipofika kwa mama Mushiya alipunguza mwendo kidogo kwa heshima halafu akaongeza. Katikati yao Kazadi alimwona Edouard, beleshi begani, amevua shati.

"Tata Kazadi!" Edouard alipiga kelele. "Tunaenda kuhamisha mashimo!"

Kicheko kikapita barabara nzima. Chuma chekundu na cheupe hakikunyanyuliwa siku ile. Walikitoa na nguzo zake.

Kazadi hakudanganyika. Alijua kwamba wengine kati ya wale vijana watazikwa humo ndani siku mvua ikinyesha, na kwamba wiki ijayo watakuja wenye karatasi na askari kusema mali ni yao. Wenye karatasi huja kila mara. Lakini hiyo ni wiki ijayo. Na hayo mengine yote alikuwa tayari kuyabeba, kama alivyobeba lile bega.

Simu ikalia mfukoni. Elisée akasimamisha wembe.

"Kazadi!" Sauti ya directeur ilikuwa juu kama ya mtoto. "Uliapa! Uliapa ku kaburi ya muke yako!"

"Directeur, jiwe liko na nani?"

"Iko... iko na mi. Iko hapa, mu mufuko."

"Basi."

"Kazadi, nisikilize. Bako mingi, banachimba shimo ya saba, banachimba mpaka ku hoteli, niko mu gari na bageni, ndege yabo ni saa sita, tumefika ku njia, banatufungia, bameweka magunia mu njia yote! Bambie bafungule! Wewe banakusikia! Bambie batuachie tupite, dakika mbili tu!"

Kazadi aliinua kichwa. Barabarani watu walikuwa bado wanapita. Kule mbali, juu ya mikaratusi, vumbi jekundu lilikuwa limeanza kupanda, na minazi ya plastiki haikuonekana tena.

"Muzunguke," akasema.

Akazima simu, akaiweka chini ya kigoda. Mama Mushiya alikuwa amekuja na beseni, amesimama karibu kuliko alivyowahi kusimama mwaka mzima, mikono yake inachuruzika maji meusi.

"Inamisha kichwa," alimwambia. "Kungali upande moja."